Mtungi Uliotoweka Werugha

Inspekta Mable Mwandawiro alikuwa ameingia katika vyumba vingi ambamo watu walikuwa wamekufa. Hiki kilikuwa cha kwanza ambamo aliambiwa avue viatu kwa ajili ya walio hai.

"Na saa pia, Madam," alisema Dkt. Teresia Wakio. "Na hiyo pete, kama inatoka."

Ilitoka kwa shida. Mable aliiweka kwenye kisahani mlangoni, akavaa ndara za mpira na koti jeupe, kisha akamngoja Konstebo Mulinge, ambaye koti lake lilikuwa limemkaba mabegani. Walikuwa wametoka Voi saa mbili. Sasa ilikuwa saa nne kasoro, Jumatatu, na ukungu wa Werugha ulikuwa bado umeegemea madirisha. Njia nzima ya kupanda mlima Mulinge alikuwa na neno moja tu: kule kituoni watu wanasema humo ndani kuna watoto kwenye friji.

Jengo lenyewe lilikuwa la ushirika wa maziwa. Wakulima walileta hapa maziwa ya jioni yapoe kabla ya kuteremshwa Mwatate. Ushirika ulipokufa, zikabaki kuta nene za vigae vyeupe, mfereji katikati ya sakafu, na popo. Dkt. Wakio alilikuta hivyo miaka miwili iliyopita. Waliowafukuza popo, wakasugua vigae na kupaka rangi dari, walikuwa wazazi: mama kutoka Salaita, baba kutoka Taveta mjini, na wengine kutoka mashamba ya makonge chini huko. Wote walikuwa na mtoto mgonjwa, au waliwahi kuwa naye.

"Kilichoibiwa ni nini hasa?" Mable aliuliza.

"Mtungi mmoja wa nitrojeni, ile ya majimaji, ya baridi kali ya kugandisha. Ule mdogo, wa kubebeka. Una watoto wanne." Daktari alifumba macho kidogo. "Una seli za watoto wanne."

"Seli za nini?"

"Za saratani. Mtoto akipasuliwa, wazazi wakikubali, kipande cha uvimbe kinaletwa hapa badala ya kutupwa. Tunakilea."

Mulinge aliacha kuandika. "Mnailea kansa?"

"Njoo uone."

Alifungua kabati la chuma lenye joto, akatoa sahani ya plastiki isiyozidi kiganja. Ilikuwa imegawanywa visima vidogo vidogo, safu kwa safu, kama sega la nyuki, na kila kisima kilikuwa na maji mekundu yaliyofifia. Mable aliinama. Katika kila kisima, chini kabisa, palikuwa na nukta moja, ndogo kuliko punje ya wimbi.

"Kila nukta ni uvimbe wa mtoto mmoja," daktari alisema. "Kila safu ina dawa yake. Dawa ikishindwa, imeshindwa hapa, si mwilini mwa mtoto. Nilifanya kazi miaka minane mahali penye panya elfu nne. Tuliwapa ugonjwa, tukawatibu, wakapona. Tukawapa watoto dawa ileile, wakafa. Panya si mtoto, Inspekta. Nilisema hivyo kwenye mkutano, nikaambiwa kama sitaki panya nikatafute maabara yangu. Nikaitafuta."

Aliirudisha sahani na kulifunga kabati taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Mulinge hakutia neno tena kuhusu friji.

Chumba cha baridi kilikuwa nyuma, palipokuwa na matangi ya maziwa. Mable alisimama mlangoni dakika nzima kabla ya kuingia. Kitasa kilikuwa kizima na dirisha lilikuwa na nondo. Upande wa kushoto palisimama mtungi mkubwa wa kufika kiunoni, wa pili kando yake, na nyuma ya hiyo miwili, sakafuni, palibaki duara kavu lisilo na vumbi.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, na Hillary, fundi wangu. Mara ya mwisho niliuona mtungi Jumamosi asubuhi. Ilikuwa siku ya wazazi, huwa tunawakaribisha kila baada ya miezi mitatu. Jana hatukufungua. Leo saa moja nimekuja kuujaza, haupo."

"Nani angeufaidi?"

"Kuna kampuni ya ng'ambo iliyoniandikia mara mbili. Walitaka kutuletea mashine zote, sharti seli ziwe mali yao. Nilikataa. Hizi ni za wazazi. Wakanijibu kwamba siku moja nitawatafuta mwenyewe."

"Afande, hao ndio," Mulinge alinong'ona.

Mable alichuchumaa. "Hii mikubwa ina watoto wangapi?"

"Thelathini na sita."

"Na kompyuta zenye majina na majibu ziko palepale mezani. Mtu aliyetumwa na kampuni aache thelathini na sita mlangoni, aruke mitungi miwili, achukue wanne wa nyuma?" Alipitisha kidole kwenye ukingo wa rafu ya chini, akainua nyuzi mbili ndefu, nyeupe, ngumu. Alizinusa. Katani, na mbichi. Akazitia kwenye bahasha. "Huyu alijua anachokitaka. Daktari, huo mtungi unakaa na baridi muda gani?"

Dkt. Wakio alikuwa akilisubiri swali hilo. "Nitrojeni hupungua kidogo kidogo, kama maji ya chungu kilicho motoni. Ulikuwa ujazwe leo asubuhi. Kama haujamwagika, utafika alasiri. Jioni hautafika."

"Ukikauka?"

"Watatu nina akiba yao kwenye mitungi mikubwa. Wa nne sina. Anaitwa Daisy, ana miaka sita, yuko wodini Nairobi. Madaktari wake wanachagua dawa Ijumaa na wanangoja jibu letu. Hawezi kupasuliwa tena."

Mable alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Cyrus. Werugha nzima humwita Daktari wa Ng'ombe, ingawa kazi yake ni moja tu, kupandikiza mbegu za fahali. Mbegu hizo naye huziweka kwenye mtungi wa nitrojeni, nyuma ya pikipiki. Wiki tatu zilizopita lori lilileta nitrojeni pungufu, maabara ikapewa kwanza, na Cyrus akapiga kelele barabarani hadi watu wakatoka majumbani. Walimkuta kwenye boma la mteja, mikono imelowa sabuni.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Mtu akigomba hapa, amekuwa mwizi."

"Tufungulie mtungi wako."

Aliufungua. Moshi mweupe ulipanda, ukamwagikia pande zote. Mtungi ulikuwa wa zamani, umebonyea ubavuni, umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Haukuwa ule.

"Mbona mpira?" Mable aliuliza. "Katani si rahisi?"

"Katani na hii baridi? Itakakamaa, itakatika, mtungi unakuangukia njiani. Anayefunga na katani hajui hii kazi." Cyrus alijifuta mikono. "Ngoja. Yule wa Jumamosi alikuwa amefunga na kamba ya katani."

"Yupi wa Jumamosi?"

"Saa saba hivi, kwenye njia ya kushuka. Mwanaume na mtungi. Nikasema mwenzangu huyu, amekuja kuninyang'anya wateja. Nikamsimamisha. Hakunisalimu hata. Si mtu wa huku juu, alikuwa na gambuti zimepauka, za makonge." Aliinua mikono kuonyesha. "Lakini kilichonishangaza ni vile alikuwa ameubeba. Sisi tunabeba na mkono, hivi. Yeye aliushika hapa kifuani, na mikono miwili, na koti lake ameufunika. Alikuwa anakanyaga polepole, kama amebeba mtoto analala."

Mable aliacha kuandika. Akageukia gari.

"Turudi. Haraka."

Hillary, fundi wa maabara, alikuwa kijana nadhifu wa miaka ishirini na tano. Alijibu kabla swali halijaisha: hapana, hakuona kitu, hapana, Jumamosi hakukifungua chumba cha baridi kabisa.

"Kabisa?"

"Kabisa, Madam."

Mable alimwongoza hadi kwenye kile chumba. Ukutani palikuwa na kisanduku chenye kalamu nyembamba iliyochora mstari kwenye karatasi ya mviringo, usiku na mchana. Alikuwa amemuuliza daktari kinachorekodiwa pale: joto la chumba. Aliweka ncha ya kidole juu ya Jumamosi. Mstari ulikuja umetulia tangu alfajiri, kisha ghafla ukapanda kama kilima, ukakaa juu, ukashuka.

"Hapa ni saa ngapi, Hillary?"

Kijana alilamba midomo. "Saa sita na dakika arobaini."

"Mlango ulikaa wazi muda gani?"

"Kama... dakika kumi na tano."

"Daktari alikuwa nje anawagawia wazazi chakula. Ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake, watu kumi na tatu wameuona. Sasa, mlango ulifunguliwa na nani?"

Hillary aliketi juu ya kreti.

"Baba mmoja aliniomba tu aone, Madam. Kanuni hairuhusu. Lakini aliniomba kwa upole. Nikamleta, nikamwonyesha mtungi. Nikamwambia, Valentine yuko hapa, salama. Nilidhani namfariji. Halafu nikaitwa nje nisaidie kubeba masufuria. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa, na yeye ameshaenda. Kama ningeangalia nyuma ya ile mikubwa ningejua. Sikuangalia."

Dkt. Wakio, aliyesimama nyuma yao, aliweka mkono ukutani. "Obadiah," alisema. "Baba Valentine."

"Mtoto yuko wapi?" Mulinge aliuliza.

"Tulimzika mwezi wa nne. Alikuwa na miaka tisa."

Mable alikuwa ameshaijua nusu ya jibu hilo tangu kwenye boma la ng'ombe. Alikunja karatasi ya maelezo ya Hillary, akaitia mfukoni.

"Jumamosi uliwaambia nini wazazi, Daktari? Maneno yenyewe."

"Niliwaambia..." Macho ya daktari yalipanuka. "Niliwaambia seli za watoto wao ziko hai. Hata za wale waliotangulia."

Lori la nitrojeni lilikuwa bado halijatoka Voi, na mitungi mikubwa haikuwa na ziada ya kupunguza. Ni Cyrus aliyekata shauri. Alikuwa amewafuata hadi getini, injini ya pikipiki ikinguruma, na aliposikia kinachotafutwa hakungoja kuombwa. "Chukueni nitrojeni yangu. Mbegu za wiki hii zitanipotea. Basi. Ng'ombe watangoja mwezi mwingine. Twendeni."

Nyumba ya Obadiah ilikuwa kwenye mteremko, mahali ambapo baridi ya juu inakwisha na mtu anaanza kuona mistari ya makonge ikinyooka hadi upeo wa macho. Walifika pamoja na daktari saa saba kasorobo. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyejificha. Obadiah alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kando ya kaburi dogo lenye msalaba mweupe. Ubavuni mwa kaburi palikuwa na shimo jipya, la kina cha mkono, kingo zake zimekatwa vizuri. Mtungi ulikuwa kando yake kivulini, juu ya mkeka, umefunikwa sweta ya shule.

"Baba Valentine," Mable alisema. "Mimi ni Inspekta Mwandawiro, wa upelelezi, Voi. Unajua kilichonileta."

"Najua, mama." Hakuinuka. "Nilikuwa nije mwenyewe. Nilitaka nimalize kwanza."

"Umalize nini?"

"Nilimzika Valentine. Nilitupa udongo na mkono wangu huu. Halafu Jumamosi Daktari akasimama akasema wako hai. Nikajiuliza, kumbe mimi nilizika nini? Yule kijana akanionyesha, akaniambia yuko hapa. Kwenye baridi ile, mama. Peke yake, gizani, nyuma ya mapipa." Aliutazama mtungi. "Nikaona nimlete nyumbani. Nilichimba Jumamosi jioni. Jana nikaamka nimteremshe, nikashindwa. Leo pia nimeshindwa. Nitamzikaje mtu aliye hai?"

Mulinge alitazama pembeni. Mable alibaki na kazi yake.

"Umeufungua?"

"Hapana."

"Mtungi umelazwa? Umeinamishwa?"

"Hapana. Niliushika kama yai."

"Baba Valentine, nisikilize. Humo ndani wako wanne."

Uso wa Obadiah ulibadilika. "Wanne?"

"Na mmoja wao anapumua. Yuko wodini Nairobi, ana miaka sita. Mtungi ukikauka, madaktari wake watampa dawa kwa kubahatisha."

Mtu yule alisimama upesi hivi kwamba kigoda kilianguka. Akaondoa sweta na kurudi nyuma hatua mbili.

Dkt. Wakio alipiga magoti kwenye mkeka. Alitoa kifuniko, akachukua rula ya mbao, akaiteremsha shingoni mwa mtungi hadi ikagota chini. Alihesabu kimoyomoyo. Akaivuta, akaipungia hewani mara mbili, na wote wakainama kutazama. Palipokuwa na nitrojeni mbao ingeota barafu nyeupe. Kwa kitambo haikuota kitu. Kisha, kwenye ncha kabisa, weupe ukatambaa na kusimama. Haukufika upana wa kidole.

"Cyrus!"

Cyrus alikuwa ameshafungua wake. Alikuwa ameing'oa mirija yake yote ya mbegu na kuitupa nyasini, na sasa aliinamisha mtungi wake mkuukuu juu ya ule mdogo taratibu. Kilichotoka kilifanana na maji ila kilichemka kikigusa hewa, na ukungu wake ukateremka juu ya mkeka, ukafunika magoti ya daktari, ukapita juu ya kaburi na kumwagikia ndani ya shimo. Obadiah aliutazama ukungu huo kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

"Umejaa," daktari alisema. "Lakini sijui tumechelewa au la. Sitajua mpaka niyeyushe seli."

Mable alimsomea Obadiah haki zake pale pale, kwa Kiswahili, polepole. Alimwambia kwamba ataandikisha maelezo, na kwamba faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka pamoja na barua ya daktari, yoyote atakayoiandika. Obadiah alikubali kila neno kwa kichwa. Aliomba kitu kimoja, aruhusiwe kuubeba mtungi kurudi. Mulinge alimtazama bosi wake.

"Mwache aubebe," Mable alisema. "Anajua kuubeba kuliko sisi."

Saa tisa na nusu walikuwa tena ndani ya vigae vyeupe, wamevua viatu. Hillary alikuwa ametayarisha beseni la maji vuguvugu, joto la mwili. Dkt. Wakio alichomoa kichupa cha Daisy, kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, akakitikisa ndani ya maji hadi barafu iliyokuwa ndani yake ikabaki punje, na punje ikatoweka. Alichukua tone. Akaongeza tone la rangi ya buluu.

"Seli iliyokufa haiwezi kujikinga," alisema bila kuinua macho. "Rangi inaingia, inakuwa buluu. Iliyo hai inaikataa, inabaki nyeupe. Hapa hakuna njia ya kumdanganya mtu."

Aliweka kioo chini ya hadubini. Kisha, badala ya kuinama kutazama, akasogeza kiti pembeni. Alirudi nyuma.

"Baba Valentine. Nitazamie."

"Mimi?"

"Weka jicho hapo. Niambie unaona nini."

Obadiah alivua kofia, akainama. Mable alisikia kalamu ya joto ikikwaruza karatasi kule nyuma. Dakika ilipita.

"Naona... vitu vya duara. Vinang'aa. Ni vingi, Mungu wangu, ni vingi kama nyota za huku juu."

"Vya rangi gani?"

"Kimoja buluu. Viwili. Hapa kingine." Alihesabu kwa kidole hewani. "Vya buluu ni saba. Vingine vyote vyeupe. Vyeupe kabisa."

Dkt. Wakio aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akaziba uso kwa mikono. Hillary alikuwa akilia waziwazi. Cyrus, aliyekuwa mlangoni na soksi zilizotoboka, aliuliza mara mbili, "Ndiyo vizuri? Nyeupe ndiyo vizuri?"

Obadiah hakutoa jicho. "Hiki kinachong'aa hivi," alisema, "ndicho Daisy?"

"Hapana," daktari alijibu kutoka sakafuni. "Ndicho kinachomuua Daisy. Ni cha aina ileile iliyomchukua Valentine. Kwenye ule mtungi hakuna mtoto, Baba Valentine, na hajawahi kuwemo. Nilisema vibaya Jumamosi. Tuliyemfungia mle ndiye aliyewafanyia hivi. Valentine tulimzika."

Mabega ya mtu yule yalipanda na kushuka. Alitazama tena, safari hii kwa muda mrefu, bila kupepesa, jinsi Mable alivyowahi kuona watu wakitazama kwenye gwaride la utambulisho, wanapomfikia yule mmoja.

"Mdogo hivi," alisema hatimaye. "Na mzuri hivi."

"Ndiyo."

"Na sasa mnamfanya nini?"

"Tunamuuliza. Dawa moja baada ya nyingine, hadi Alhamisi usiku, hadi tujue anaogopa ipi."

Obadiah aliondoka kwenye hadubini na kumsogezea daktari kiti.

"Basi inuka, Daktari," alisema. "Muulize."

Mable Mwandawiro, aliyekuwa amehoji watu kwa miaka kumi na tisa, aliweka daftari lake chini, akasogea ukutani kuwapisha.